Mita Moja, Milango Sita

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka mama zangu. Na ninyi mliohamia Mwanza kutoka Kagera, Mara na Kigoma, ambao salamu ya Kisukuma bado inawapiga chenga: wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Mwenyekiti wa mtaa aliponipigia simu kuniomba nije kuzungumzia umeme, nilimuuliza, nije kama fundi au kama mpangaji? Akasema njoo na vyote viwili. Basi nimekuja navyo. Kama fundi, leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ninayo mfukoni. Kama mpangaji, kodi ya mwezi huu nadaiwa, na baba mwenye nyumba namwona amekaa pale karibu na dirisha, kwa hiyo leo nitasema kwa adabu.

Kazi yangu nimeifanya kwenye milima hii ya mawe, Mabatini, Igogo, Bugarika, Isamilo. Mnajua jinsi nyumba za huku zinavyokaa, moja imepanda mgongo wa nyingine, ngazi za mawe katikati, na waya wa umeme unaopita juu ya bati la mtu kwenda kwa jirani. Nimeingia nyumba nyingi. Watu wengi wananiita waya umeungua, lakini nikishamaliza kufunga waya wananiuliza swali ambalo bisibisi haliwezi kulijibu: fundi, mbona luku yetu inaisha haraka hivi? Luku ndiyo ule umeme tunaolipia kabla ya kutumia.

Nianze na namba moja. Nani hapa anajua 9,150 ni nini?

Mmeitikia vizuri. Uniti 75. Watu wa mjini tunaijua namba hii kuliko siku za kuzaliwa za watoto wetu. Ila inatoka wapi, hapo ndipo wengi tunanyamaza. Bei ya chini kabisa ya umeme wa majumbani inaitwa D1. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa D1 analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka afikishe uniti 75 kwa mwezi, na akipita hapo kila uniti ya ziada ni 350. Juu yake kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA ya kupeleka umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Jumla asilimia 22. Ndiyo maana uniti 75, ambazo bei yake tupu ni 7,500, unazipata kwa 9,150. Mwenye matumizi yanayozidi 75 mwezi baada ya mwezi anahamishiwa T1, ambako uniti ni 292, na ukishaweka ile asilimia 22 inafika shilingi 356. Elfu kumi ya D1 inakupa uniti 77. Elfu kumi ile ile ukiipeleka T1 inarudi na uniti 28.

Bei ya 100 iliwekwa kwa ajili ya mtu wa hali ya chini. Taa zake mbili tatu, redio, simu, pengine na televisheni ndogo. Nia ni nzuri na mimi siigombi. Ninachogomba ni mahali ilipoishia. Imeishia kwenye mita.

Nyumba ninayokaa ina milango sita, kila mlango kaya yake, na mita moja. Tukisema kila mlango unatumia uniti 25 kwa mwezi, ambazo ni chache, hakuna hata mmoja wetu anayekaribia 75. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa shilingi 3,050 kwa mwezi. Milango yote sita, 18,300. Lakini mita haijui kuhesabu milango. Inaona uniti 150, inasema huyu mteja ni mkubwa, apelekwe T1. Uniti 150 za T1 ni shilingi 53,436. Gawanya kwa sita: kila mlango karibu 8,900. Umeme ni ule ule na balbu ni zile zile, lakini kwa mwezi mmoja nyumba yetu inatoa zaidi ya shilingi 35,000 kwa sababu tu tumekaa sita kwenye mita moja.

Sasa chukua bwana mmoja anayeishi Dar, ana nyumba yake kubwa Capri Point inayotazama ziwa. Mwenyewe anakuja Krismasi. Ndani kuna mlinzi na taa tatu za ukutani. Matumizi yake hayafiki 75. Huyo mita yake inaweza kumwita mtu wa hali ya chini, uniti shilingi 100. Na sisi wa Mabatini ndio mita inatuita wakubwa. Mmecheka, lakini hesabu haina utani.

Ndani ya nyumba hizi kuna jambo jingine, nalo hatuwezi kulipeleka serikalini, ni letu wenyewe. Jinsi tunavyochanga. Nyumba nyingi zinachanga sawa kwa sawa, kila mlango elfu tano, asiye nayo anasemwa kwenye korido mpaka ajue amesemwa. Mlango wa tatu ana friji, pasi na hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Mlango wa sita ni bibi, ana balbu moja ya wati 9. Nimempigia hesabu bibi huyo. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku, mwezi mzima inakula uniti 1 na kidogo, kama 1.35. Hata kwa bei ya T1 hiyo ni shilingi 480. Bibi anatoa 5,000. Kwa maneno mengine, bibi ndiye anayemchemshia kijana wa mlango wa tatu maji ya kuoga, na asubuhi wakikutana anamwitikia marahaba kama hakuna kitu.

Dawa ipo, inaitwa mita ndogo. Inafungwa kwa kila mlango, baada ya mita kuu ya LUKU. Haiuzi umeme, inahesabu tu. Mwisho wa mwezi mnasoma, mnagawana bili kwa uniti. Afunge fundi mwenye leseni, tafadhali, maana nimewahi kukuta mita ndogo imefungwa kwa namna ambayo mlango wa pili ulikuwa unahesabiwa umeme wa choo cha wote. Na ninyi wenye nyumba, nasema kwa adabu kama nilivyoahidi: mita ndogo isiwe duka. Kama risiti ya LUKU inasema uniti moja ni shilingi 356, mpangaji asiuziwe kwa 500. Mwenye nyumba anapangisha vyumba, leseni ya kuuza umeme hana.

Mita ndogo inaleta haki ndani ya nyumba lakini hairudishi bei ya 100, maana juu bado kuna LUKU moja. Ya kurudisha bei ni kila kaya kuwa na mita yake yenyewe kutoka kwa mtoa huduma. Mjini, kuunganishwa ukiwa ndani ya mita 30 bila nguzo ni shilingi 320,960. Ikihitajika nguzo moja inapanda mpaka 515,618. Kijijini ni 27,000. Mwenye nyumba ya milango sita atakwambia, nitoe zaidi ya milioni moja na nusu ili ninyi mlipe umeme nafuu? Kwa upande wake ana hoja. Kwa hiyo mpangaji anabaki na umeme wa bei ya juu, na kesho akihama anaukuta huko anakohamia.

Na kodi ya jengo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikawa 1,500. Inakatwa mara ya kwanza unaponunua umeme mwezi ukianza. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Lakini tarehe mosi usiku umeme umekata, mtoto ana mtihani kesho, nani anakimbilia simu? Mpangaji. Anaweka 2,000, inakatwa 1,500, inabaki mia tano ya umeme, uniti moja na nusu haifiki. Ujumbe ule wa simu usiufute. Ndio ushahidi wako wa kukaa na baba mwenye nyumba mkatoane kwenye kodi ya chumba, na serikali yenyewe ilishasema kwamba mpangaji aliyelipia ana haki ya kurudishiwa na mwenye jengo. Na nyumba moja yenye mita mbili haitakiwi kulipa kodi mara mbili. Ukiona zote zinakatwa, chukua namba za mita zote mbili ukatoe taarifa.

Baba mwenye nyumba ameinamisha kichwa. Namshukuru kwa uvumilivu.

Tuje kwenye kukatika. Hapa mjini kuna maneno yanayonichekesha na kunisikitisha pamoja: tunakaa kwenye maji yote haya na umeme hatuna. Ni kweli, na maji hayo yanafua umeme, ila si kwetu. Maji ya ziwa hili yanatoka kwa mto Nile kule Jinja, Uganda, na bwawa la Owen Falls linazalisha umeme pale tangu 1954. Ndugu zetu wa Kagera wameishi miaka mingi kwa umeme unaotoka Uganda. Sisi wa Mwanza umeme wetu mwingi unatoka mbali, maji ya Rufiji na gesi ya Songo Songo na Mtwara, unapanda njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa, Dodoma, Singida mpaka Shinyanga, ndipo unaletwa huku. Pale Nyakato kuna mitambo ya mafuta mazito, lakini mafuta ni ghali, hayo si ya kutegemea kila siku.

Zamani ukikatika ulikuwa na jibu: ukame, bwawa la Mtera limekauka, mgawo. Mwisho wa 2023 mgawo ulitutesa tena. Kisha Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, kule Rufiji, ukawashwa, bwawa lililojengwa kutoa megawati 2,115, na haikupita muda tukasikia umeme umezidi mpaka vituo vingine vya maji vimezimwa kwa muda. Halafu Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili, gridi ya taifa ikapata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaamkia gizani. Mtu akaniuliza, fundi, umeme umezidi halafu haupo, hii ni lugha gani? Nikamwambia kufua umeme ni kazi moja na kuufikisha Igogo ni kazi nyingine. Katikati kuna njia kubwa, kituo cha kupoozea, laini ya kilovolti 33 na ya 11, transfoma ya mtaa, nguzo, na ule waya unaopita juu ya bati la jirani. Ukikatika, usiwahi kulaumu bwawa. Toka nje kwanza. Mtaa wote giza na ng'ambo ya barabara taa zinawaka? Tatizo liko kwenye transfoma yenu au laini yenu. Nyumba yako peke yake? Angalia breka, angalia luku, ndipo uite mtu.

Kuna kukatika na kuna ugonjwa mbaya kuliko kukatika, umeme mdogo. Kuna mama mmoja, anauza sangara na sato wa barafu, friji lake aina ya kifua ndilo duka lake. Aliniita baada ya friji la pili kufa ndani ya mwaka mmoja. Nikaweka multimita kwenye soketi saa mbili usiku. Badala ya volti 230 nikasoma 168. Kompresa ya friji ikikosa nguvu ya kuzunguka haipumziki, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, inaungua. Kwenye taa unaona tu balbu imefifia na unaendelea kula ugali. Friji haliwezi kufifia, linakufa. Nilipofuatilia mtaani nikakuta sababu ni ya kitoto kabisa. Laini ina fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, na nyumba karibu zote za upande ule, kila ilipojengwa mpya, ziliunganishwa fezi ile ile iliyokuwa karibu na ngazi ya fundi. Fezi moja imebeba mtaa, mbili zinapunga upepo. Kazi ya kusawazisha ni ya siku moja. Ilichukua miezi minne, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilipotea kwa sababu malalamiko yote yalikuwa ya simu. Kila aliyepiga aliambiwa tumepokea, na kila aliyepokea alikuwa mwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni hivyo hivyo. Ukipiga simu, dai namba ya taarifa, uandike na saa. Piga picha ya mita. Kama umeme ni mdogo, mwite fundi apime siku tatu, saa moja moja, aandike na kusaini. Barua ya watu ishirini wa transfoma moja, yenye vipimo, ikipokelewa na kugongwa muhuri, si rahisi mtu kuikalia. Mtoa huduma asipojibu, au akijibu usiporidhika, kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji, lile linaloitwa EWURA CCC, kazi yake ni kumsaidia mtumiaji. Kuna EWURA wenyewe, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza, wanapokea lalamiko, wanasuluhisha, wakishindwa wanasikiliza na kuamua. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Baraza la Ushindani. Watu wanadhani njia hii ni ya wenye viwanda. Fomu haimuulizi mtu ana kiwanda.

Inamuuliza namba ya mita na jina la mteja. Na hapa ndipo ninapokwama, ndugu zangu. Yule mama wa samaki hakuwa mteja. Friji ni lake, hasara ni yake, pesa ya luku ni yake, lakini jina kwenye mita ni la mwenye nyumba, ambaye alifariki 2014, Mungu amrehemu. Kwa makaratasi, aliyeunguliwa friji ni marehemu. Ilibidi tumtafute mtoto wake Geita aje kuandika barua. Sheria ya Umeme ya 2008 na kanuni zake zinamlinda mteja, na kwenye nyumba zetu za milango sita mteja ni mmoja. Watu watano wanaomfuata wanalipa kama yeye, hawahesabiwi kama yeye.

Kuna mahali walau idadi ya watu imewahi kupewa nguvu kisheria. Visiwani, kama kule Ukara walikojengewa umeme wa jua na kampuni binafsi, mradi mdogo usiofika kilowati 100 haukulazimika kupeleka bei yake EWURA kuidhinishwa. Lakini kanuni zikaweka mlango: asilimia 15 ya wateja wakilalamika, EWURA iliweza kuichunguza bei hiyo. Asilimia 15! Kijiji cha nyumba mia mbili, kaya thelathini zikisaini, bei inapelekwa mezani. Sisi tunaotazama ziwa hilo hilo kutoka Kirumba hatuna asilimia yoyote, tuna korido.

Ndiyo maana nimewaletea jambo moja la kuomba. EWURA kabla ya kubadilisha bei huitisha taftishi, mkutano wa wazi wa kusikiliza wananchi. Huwa nahudhuria. Wanakuja wenye viwanda vya samaki na wanasheria wao, wenye migodi, wenye mahoteli. Mpangaji simwoni, na akija anasema bei ipungue, anakaa. Bei ipungue si hoja. Mwishoni mwa Desemba 2016 EWURA ilikubali bei ipande asilimia 8.5, waziri, Profesa Muhongo, akasimamisha, na siku ya Mwaka Mpya mkurugenzi wa TANESCO, shirika la umeme, akaondolewa. Wengi tulishangilia, mimi mmoja wao. Lakini nguzo iliyooza hainunuliwi kwa tamko, na fezi hazijisawazishi zenyewe. Mimi siendi kuomba uniti ishuke chini ya 100. Naenda kuomba 100 ile ile imfikie aliyekusudiwa: mita iliyosajiliwa kuwa inahudumia kaya sita, na mwenyekiti wa mtaa akathibitisha, ipewe kiwango cha kaya sita. Na mpangaji aliyeandikwa hapo aweze kulalamika kwa jina lake. Rejesta za wakazi mtaani zipo. Mwenyekiti, unatikisa kichwa kukubali au usingizi? Haya, amekubali.

Neno dogo kuhusu vishoka, wale mafundi wa kujifanya. Mnakumbuka 2024 mlipopewa makundi matatu ya namba badala ya moja. Mita za aina ya LUKU duniani kote zilikuwa zinahesabu dakika tangu 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kuibadilisha mita ufunguo, la tatu ndilo umeme wenyewe. Bure. Ila nilikuta mzee mmoja Bugarika ametozwa elfu ishirini na kijana mwenye fulana ya kazi na kitambulisho kilichogeuzwa nyuma. Mtu akija kugusa mita, asome kitambulisho chake kwa sauti, na jirani asikie.

Niliomba kila mtu aje na ujumbe wa luku wa miezi mitatu, usiofutwa. Kalamu ninazo, karatasi mwenyekiti ametoa, na pale mezani kuna jedwali nimechora: namba ya mita, milango mingapi, uniti ngapi kwa mwezi, bei gani. Nyumba hamsini zikijaza leo, taftishi ijayo siendi na maneno, naenda na jedwali. Bibi wa mlango wa sita, wewe ndiye wa kwanza. Njoo mbele, mama, leta na simu yako, kijana wa mlango wa tatu atakusaidia kusoma.